Mlio wa Gari la Balagizi na Fundi Asiye na Kibao

Saa moja asubuhi umande haujakauka kwenye mabati ya kambi ya wakimbizi ya Dzaleka, Malawi, na Epiphanie Irangabiye ameinamia injini ya gari akiwa na mpini wa ufagio sikioni. Ncha moja ya mpini imekanyaga chuma kinachotetemeka, nyingine imegusa sikio lake la kulia. Amefumba macho. Mtu asiyemjua angedhani fundi amepitiwa na usingizi kazini.

"Zima," anasema. Gari linazimwa. "Washa." Linawashwa. "Kanyaga kidogo. Achia."

Anahamisha mpini, anasikiliza tena, anahamisha. Mtaka cha mvunguni sharti ainame, na mama huyu ameinama tangu mwandishi hajamaliza kikombe chake cha chai. Hatimaye ananyooka, anashika kiuno na kutikisa kichwa.

"Mi sisikii kitu," anasema.

Mwenye gari ni Jean-Baptiste Balagizi, mkimbizi kutoka Bukavu, Kongo, anayebeba abiria kati ya makazi haya na jiji la Lilongwe. Majirani humwita Papa Noël, kwa jina la mwanawe wa kwanza, lakini kwa Kifaransa hilo ndilo jina la Baba Krismasi, na kila Desemba hakosi mtoto wa kumdai zawadi. Leo hana hata tabasamu la kugawa.

"Mama Arakaza, mi sina bongo," analalamika, akimaanisha hasemi uongo. "Ku njia inagonga. Ko-ko-ko-ko, kama muntu iko ndani anaomba bamufungulie. Tukifika hapa kwako, kimya! Njo nini hiyo?"

Madereva walioketi kwenye ukuta wa kituo wanacheka. Mmoja anapaza sauti, "Gari inamuogopa mama! Mupelekee Gakiza!"

Epiphanie anacheka nao, lakini kicheko chake hakifiki mbali. Gakiza, fundi aliyemfundisha kazi, hayupo Dzaleka. Amekwisha kupanda ndege kwenda kuanza maisha Kanada, na amekaa huko miaka sasa.

Hapo ndipo penye kisa. Kivuli hiki cha mabati ambamo Epiphanie amefungua na kufunga injini zisizo na idadi bado kinaitwa "kwa Gakiza". Gari likipona, watu husema mkono wa Gakiza umebaki pale. Likirudi na ugonjwa, husema unategemea nini, si umempa mwanamke? Hana kibao mlangoni. Alipowahi kufikiria kukiweka, mteja mmoja alimshauri kwa nia njema kabisa aandike jina la Gakiza.

Epiphanie ana miaka arobaini na moja. Ni Mrundi wa Rumonge, mama wa Arakaza, msichana anayesoma sekondari. Alipofika Dzaleka alikaanga maandazi na kuyauza kwa mafundi waliokuwa wakitengeneza magari kando ya barabara. Gakiza, Mrundi mwenzake, alikuwa mla maandazi hodari na mlipaji mzito. Ili apate chake, Epiphanie alimsubiri akiwa amechuchumaa kando ya gari, na kwa kuwa mikono yake haijui kukaa bure, akaanza kumpa spana.

"Siku moja aliomba spana ya kumi na mbili, nikampa ya kumi na tatu," anasimulia. "Akagomba. Nikamwambia, papa, jaribu kwanza. Ikaingia. Akaniangalia hivi, akasema, kesho usilete maandazi, njoo wewe mwenyewe."

Alifundishwa miaka minne. Gakiza alipopata safari alimwachia sanduku la vifaa, na ndani yake, kimefungwa kwenye kitambaa, kipande chembamba cha bati kirefu kama kidole. Kipande hicho tutakirudia.

Kazi si ya kutajirisha. Wiki njema huleta magari matatu, wiki mbaya huleta madereva wa kupiga soga tu. Lakini ndiyo iliyomlipia Arakaza shule.

Gari la Balagizi lilikuwa kazi yake kubwa kuliko zote. Mwezi uliopita lilikuwa likitoa moshi wa bluu na kunywa oili. Ndugu na marafiki walimwambia Balagizi alipeleke Lilongwe. Yeye akalileta kwa Epiphanie, akampa injini nzima aifungue, jambo ambalo hakuna mtu aliyewahi kulifanya tangu Gakiza aondoke. Moshi ulikoma. Wiki mbili baadaye ukaja mlio.

Kugonga kwa injini ni habari ya kumnyima dereva usingizi. Kama kinachogonga kiko chini, kwenye vyuma vinavyobeba pistoni, basi injini imekufa na kilichobaki ni mazishi. Tayari mtu wa Dowa Boma alikuwa ametaka kulinunua gari hilo kwa ajili ya milango na viti vyake. Balagizi alimwambia asubiri hadi Jumamosi.

"Kama njo moteur imekufa, nitauza," Balagizi alimwambia mwandishi kwa sauti ya chini, akihakikisha fundi hasikii. "Lakini nikiuza, hapa batasema Mama Arakaza aliua gari. Hakuna muntu atamuletea ingine. Hata baiskeli ya kabaza, ya kubeba abiria."

Fundi alikuwa amesikia. Masikio hayo hayo ndiyo anayolia chakula.

Kwa kuwa gari lilikataa kulia mbele yake, Epiphanie aliamua kulifuata linakolilia. Si jambo dogo kwa mkazi wa Dzaleka; mkimbizi hatoki makazini apendavyo. Aliomba ruhusa, akaipata, na Jumatano asubuhi akaketi kiti cha mbele amevaa kitenge chake cha kanisani juu ya suruali ya kazi. Miguuni aliweka mfuko wa vifaa, na mpini wa ufagio ukatokeza dirishani. Nyuma walibanana mwandishi, mshona nguo anayepeleka mashati City Centre, na mama mmoja wa Kimalawi mwenye beseni la nyanya.

Kitu cha kwanza alichofanya gari lilipoondoka ni kuvua viatu.

Mwandishi aliuliza kama anahisi joto. Epiphanie alicheka sana, kisha akaeleza. Kwao, na hata hapa Dzaleka, akina mama hutwanga majani ya muhogo, sombe, wakiwa watatu au wanne kwenye kinu kimoja. Michi hupishana, kila mmoja na zamu yake, na mtoto wa kike hujifunza kuingiza mchi wake bila kugonga wa mwenzake.

"Injini ya pistoni nne ni akina mama wanne kwenye kinu," alisema. "Sasa sikia. Mchi ukipiga chini kabisa, kwenye tako la kinu, unausikia kwa nyayo. Ardhi inakuambia. Lakini mchi ukigusa mchi mwenzake huku juu, unasikia kwa masikio tu, miguu haina habari. Gakiza alinifundisha spana. Hii ya miguu ni ya mama yangu."

Basi akaketi miguu mitupu imekaza sakafu ya gari, mikono magotini, kimya kama mtu aliye kwenye ibada. Barabara ya Dowa ilipita. Walipoingia barabara kuu ya kwenda jijini, injini ikiwa imepata moto na gari limeelemewa na watu, nyanya na mashati, ikaanza.

Ko-ko-ko-ko.

Haikuwa na nguvu. Ilikuwa kama mtu anayegonga kwa kifundo cha kidole, mwenye adabu lakini asiyekata tamaa. Mama wa nyanya aliacha kuongea. "Galimoto ikulira," alisema kwa Kichewa, gari linalia, na alilisema kwa huruma ya kweli.

"Njo hiyo! Unasikia? Unasikia?" Balagizi alikuwa karibu kuruka kwenye kiti, amefurahi na ameogopa kwa pamoja.

"Nasikia. Nyamaza, Papa Noël, endesha."

Epiphanie alianza kupiga paja lake taratibu, akiufuata mlio. Kwenye mteremko alimwomba Balagizi atoe gia na aliache gari liserereke. Magurudumu yalizidi mbio, lakini mlio ukapungua pamoja na injini. "Si magurudumu," alisema. Gia ikarudi, mlio ukarudi. Akainamisha kichwa. Vidole vya miguu vilikuwa vimejikunja juu ya bati la sakafu kama vinatafuta kitu.

Muda ulipita.

"Miguu haisikii kitu," alisema mwishowe.

Balagizi alitazama pembeni. "Maana yake?"

"Maana yake chini hakuna kasoro. Injini yako haijafa. Mlio uko juu, kwenye supape."

Balagizi aliachia pumzi ndefu, akapiga usukani kwa kiganja, akamshukuru Mungu kwa Kifaransa na kwa Kishi, lugha ya kwao. Nyuma, mshona nguo alipiga makofi. Epiphanie peke yake hakufurahi, na mwandishi, ambaye hana ujuzi wa magari kupita kufunga mlango, hakuelewa mara moja ni kwa nini.

Supape, ambazo mafundi wengine huziita vali, ni vile vizibo vya chuma vinavyofunguka na kufunga ili injini ivute hewa na kutoa moshi. Kila kimoja husukumwa na mkono mdogo wa chuma, na kati ya mkono na vali lazima ibaki nafasi nyembamba kuliko ukucha. Nafasi hiyo hupangwa na fundi, vali moja baada ya nyingine. Kwenye gari hili hakuna fundi mwingine aliyegusa pale. Kwa hiyo habari njema ya Balagizi ilikuwa na maana moja tu kwa Epiphanie. Kosa, kama lipo, ni lake.

Mwandishi amewahi kukaa na watu wakubwa walioona makosa yao yakiwajia kwa mbele, na wengi wao hapo ndipo huanza kulaumu hali ya hewa. Mama huyu alifunga kitenge vizuri na kusema, "Tukifika, simamisha mahali penye kivuli. Nataka kufungua ikiwa ya moto."

Walisimama Area 18, mtaa mmoja wa Lilongwe, kando ya uzio wa nyumba moja, abiria wengine wakiwa wameshuka na kuaga. "Zikomo, amayi," mama wa nyanya alimshukuru fundi, akamwachia nyanya mbili juu ya kiti.

Kifuniko cha juu cha injini kilitoka kikifuka. Epiphanie aliungua kifundo cha mkono, akakitia mdomoni, akaendelea. Alizungusha injini kwa spana, pole pole, na kila vali ilipokuwa imepumzika aliutikisa mkono wake wa chuma kwa ncha ya mpini. Ya kwanza, shwari. Ya pili, shwari. Akaendelea hivyo mpaka ya mwisho kabisa, ile iliyojificha nyuma karibu na kioo. Hiyo ilipoguswa ilicheza. Tik, tik.

Alisimama pale, mkono ungali ndani ya injini. Kisha akasema jambo kwa Kirundi, bila kumlenga yeyote.

"Lile bati," alisema. "Ni lile bati."

Alifungua mfuko wake, akatoa kitambaa cha Gakiza na kuwaonyesha waliokuwapo. Mafundi wenye uwezo hupima ile nafasi ya vali kwa kipimo cha chuma cha dukani. Gakiza hakuwa nacho, kwa hiyo alikata kipande kwenye kopo la mafuta ya kupikia ya msaada, akaenda kukilinganisha na kipimo cha rafiki yake mjini, na kikalingana. Kwa bati hilo la msaada alipanga vali za magari ya Dzaleka miaka yote, na baada yake Epiphanie. Nyumba za hapa zina milango ya makopo yale, zina majiko ya makopo yale. Hakuna aliyeona ajabu injini nazo kupimwa kwa kopo.

Siku ya kufunga injini ya Balagizi, Epiphanie alipokuwa amebakiza vali ya mwisho, kipande kile kilichochoka kilikatika mkononi mwake. Ilikuwa Ijumaa alasiri na wanakwaya wenzake walikuwa wakimsubiri. Jirani yake, Mama Benedicte, alikuwa na kopo tupu la rangi iliyopakwa kanisani. Epiphanie aliazima mkasi, akakata kipande kipya, akamaliza kazi, akaenda kuimba.

"Nilisema kopo ni kopo," alisema, sauti ikiwa imeshuka. "Kopo la rangi ni nene. Shika mwenyewe."

Mwandishi alishika vipande viwili, kila mkono na chake. Kwa kweli hakuhisi tofauti. Balagizi naye alishika, akakunja uso, akakiri hivyo hivyo. Lakini injini ilikuwa imehisi. Ikiwa baridi, au katika safari fupi za makazini, ilivumilia. Ikipata moto wa barabara ndefu, kichwa chake cha aluminiamu kilitanuka, nafasi iliyokuwa kubwa ikazidi kuwa kubwa, na mkono wa chuma ukaanza kugonga mlango.

Kilichobaki cha bati la Gakiza kilikuwa kifupi mno kufika kule nyuma kwa vidole. Alikibana kwa koleo, akakipitisha taratibu, akafungua nati kidogo, akakaza, akapima tena. Nyuso mbili zilimwinamia kana kwamba anatoa mwiba kwenye jicho la mtoto. Kisha kifuniko kikarudi.

Walizunguka naye Area 18, wakapanda mpaka City Centre kwenye mabenki na maofisi, kisha wakashika njia ya nyumbani. Epiphanie alikuwa miguu mitupu tena. Hakuna aliyethubutu kusema kitu, wasije wakaiamsha. Karibu na uwanja wa ndege Balagizi alizima redio ambayo hata haikuwa imewashwa, akatega sikio, na machozi yakamlengalenga. Gari lilikuwa linaunguruma tu kama gari.

Ilibaki kufika nyumbani, na hapo ndipo palipokuwa pagumu.

"Mama Arakaza," Balagizi alianza, walipokunja barabara ya Dowa. Ni mtu mpole, na alikuwa amelifikiria kwa muda. "Bon. Tukifika, tuseme ilikuwa essence mubaya, mafuta mubaya ya Lilongwe. Essence mubaya inagongesha moteur, kila muntu anajua. Ao tuseme ni bati ya Gakiza njo ilizeeka. Yeye iko Kanada, haisikii."

Epiphanie alikuwa anafuta mikono kwa kitambaa.

"Njia ya mwongo ni fupi, Papa Noël. Na hii yetu ni ndefu, nitapita hapa kila siku."

Madereva walikuwa pale pale ukutani, kama waliosahaulika tangu asubuhi. Gari liliposimama, yule mcheshi akauliza kwa sauti, "Mama, tulete jeneza ao?"

Epiphanie alishuka na viatu mkononi. Angeweza kupita tu. Alisimama katikati yao, akanyanyua kile kipande kinene cha kopo la rangi ili wote wakione.

"Injini ni nzima," alisema. "Ilikuwa supape moja, na ni mi niliikosea. Bati langu lilikatika, nikakata lingine kwa kopo la rangi bila kulilinganisha. Gakiza hana kosa, mafuta hayana kosa. Ni mi. Nimeitengeneza. Kama kuna mtu mwingine nilimpimia kwa hili bati, aseme, nimfungulie bure. Lakini hayupo, ni gari hili tu."

Hakuna aliyecheka. Kukosea ni kwa wote. Kusimama miguu mitupu mbele ya watu wanaotafuta sababu ya kukudharau, na kuwapa hiyo sababu kwa mkono wako mwenyewe, ni kwa wachache. Yule mcheshi aliangalia kile kibati, akakigeuza, akakirudisha. Wengine waliangalia magari yao. Epiphanie akaingia kivulini mwake na kuanza kupanga spana.

Siku ya Alhamisi hakuna gari lililokuja. Ijumaa vilevile. Mama Benedicte, aliyekuwa akitwanga sombe kando ya kivuli hicho, alisema kwa hasira kwamba ukweli hauliwi na ugali. Epiphanie alishika mchi wa pili akamsaidia.

Jumamosi yule mtu wa Dowa Boma alikuja kuchukua milango na viti. Balagizi alimpa kiti cha mbele, akamzungusha hadi barabara kuu na kurudi, akamwambia asikilize. Mnunuzi alirudi amekunja uso kama aliyenyimwa chakula msibani. Gari haliuzwi.

Mchana huo huo mwandishi alikuwa kituoni akisubiri usafiri wa kurudi Lilongwe. Pikapu ya kijani ilisimama, inapiga kelele kwenye magurudumu ya nyuma, na dereva mgeni akauliza fundi yuko wapi. Yule mcheshi wa ukutani alinyoosha mkono kuelekea kivuli cha mabati na kufungua mdomo. Balagizi alimtangulia, lakini hakuwa na haja, kwa maana walisema neno lile lile.

"Kwa Epiphanie."

Na yule mcheshi akaongeza, "Akikosea, atakuambia mwenyewe."

Sasa kibao kinatengenezwa. Mama Benedicte amelipasua lile kopo la rangi la kanisa na kulinyoosha kwa nyundo, kwa kuwa Epiphanie amekataa bati lingine lolote. Kipimo cha chuma cha dukani amekwisha kuagiza kwa mshona nguo anayekwenda City Centre. Kipande cha Gakiza kimerudi kwenye kitambaa chake. Amempigia simu Kanada kumweleza yote, na mzee, anasema, alicheka mpaka akakohoa, halafu akamwuliza kama bado anapika maandazi.

Kinachobaki ni maneno ya kuandika. Arakaza, mwenye mwandiko mzuri nyumbani, anasubiri na brashi. Mama Benedicte anataka Kifaransa. Balagizi anataka picha ya injini. Epiphanie anatamani siku moja awe na wasichana wawili watatu wa kuwafundisha kusikiliza kwa nyayo, na anajua mzazi hatamleta binti yake mahali pasipo na jina.

"Nitaandika jina langu, kubwa," anasema, akilishika bati juani kuona kama limenyooka. "Na chini yake, *ikigonga tena, rudi*."